Basi la Kihara Mteremkoni

Jerotich alikuwa ofisini Nakuru, akifuatilia mabasi ya kampuni kwenye skrini, king'ora kilipolia. Basi la Kihara, lililokuwa likiteremka kutoka Olenguruone na abiria tele, lilizidi kushika kasi. Akanyakua redio ya kuongea na madereva.

"Kihara, punguza mwendo!"

"Breki zimekataa, Jerotich! Na huu ukungu, sioni mbele!"

Ramani ilimwonyesha njia ya shamba iliyopanda kilima.

"Ukimaliza hiyo kona, kata kushoto. Bado... bado... sasa!"

Redio ikanyamaza. Alama ya basi ikasimama kwenye skrini. Jerotich akaongeza sauti ya redio.

Kisha akasikia mtoto akilia, na Kihara akihema: "Tuko hai sote."