Maumivu Yaliyonyamaza Ghafla

Nilikuwa nimefika katikati ya moyo pale Kifaransa kiliponiishia. Damu nilikuwa nimeiingiza vizuri upande wa kulia, nikaipeleka mapafuni, nikairudisha ikiwa safi. Ilibaki kuisukuma itoke, iende mwilini. Nikasimama mbele ya ubao, chaki mkononi, na damu yangu ikakwama pale pale kwa kukosa neno. Mmoja akacheka kule nyuma, kisha wakacheka wote. Nikageuka, nikachora njia iliyobaki, kila mshale mahali pake, nikarudi kukaa.

Kipindi kilipokwisha, Mwalimu Shafii, aliyetufundisha biolojia, aliniita barazani.

"Zipora, nasikia utaandika udaktari, chaguo la kwanza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi tuambiane ukweli. Kwa biolojia na kemia, hapa lise, shule nzima, hakuna wa kukushinda. Lakini fakilte ya udaktari kule chuo kikuu inachukua watu wachache kutoka nchi nzima, na mtihani wa Leta, huu wa serikali, hauna huruma na Kifaransa kama chako. Andika uuguzi. Kule utapita."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana maneno yake yaliniingia.

Mimi nilizaliwa Kigoma, huko chini kusini, kando ya ziwa hili hili, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Nilisoma kwa Kiswahili mpaka nikawa msichana mkubwa, ndipo baba akasema imetosha, turudi kwetu Kizuka, kwenye michikichi ya babu. Huku Rumonge nikawekwa darasa moja na watoto walionifika begani, nikaanza kuokota Kifaransa neno kwa neno, nikichelewa kila siku. Kiu ya udaktari nilikuja nayo tayari. Sina kisa cha mgonjwa aliyenifia mikononi. Baba alichinja mbuzi siku moja, nikamwomba asiutie moyo chunguni mpaka niupasue, nione milango yake. Tangu hapo sikutamani kazi nyingine.

Jioni ile nilimkuta baba, Mzee Melkiades, akichochea moto chini ya pipa la ngazi, matunda ya michikichi, mikono yake ikiwa myekundu kwa mafuta. Nikamweleza aliyoyasema mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na huo uuguzi si dawa hizo hizo?"

"Si hizo hizo, baba."

"Na wakikukataa kwenye udaktari?"

Nikasukuma ukuni ndani ya moto. Akaegemeza mti wake wa kukorogea kwenye ukingo wa pipa.

"Mimi maisha yangu yote nimeyabahatisha, mama. Kuondoka nilibahatisha, kurudi nilibahatisha. Wewe nilitaka ushike kitu kisichoteleza."

Jumamosi nilitelemka mjini kumtafuta Daktari Nadia. Alikuwa mtoto wa Waswahili wa Rumonge, baba yake fundi cherehani, naye alikuwa amepita mlango ule niliokuwa naugonga. Nilitaka aniambie, kwa macho makavu, kama nina nafasi au sina. Nilimkuta kwenye ujia wa hospitali akitembea mbio, ushungi umemteleza nyuma ya shingo.

"Amahoro, daktari. Nilikuja kuuliza..."

"Amahoro. Unajua Kifaransa?"

"Kidogo."

"Kiswahili iko sawa?"

"Sana."

"Njoo."

Akanipeleka chumba cha wanaume. Kitandani alilala mvuvi wa Magara aliyeitwa Djibril, kijana wa mabega mapana, amejikunja kama mtoto. Pembeni yake alisimama daktari mgeni, mtu mzima kutoka Benin, aliyekuja kusaidia kwa muda. Hakujua Kiswahili wala Kirundi, Kifaransa tu. Nadia aliitwa wodi ya wazazi, na muuguzi wa zamu alikuwa amemshikilia mgonjwa mwingine aliyekuwa akitapika.

"Mutafsirie anachosema huyu kaka," Nadia aliniambia. "Narudi sasa hivi."

Daktari mgeni akanitazama kwa upole, akauliza maumivu yalianza lini, na yalianzia wapi. Nikamuuliza Djibril.

"Ilianza kwa kitovu, dada," alisema, akihema. "Ikashuka huku kuume, ikanikamata sana. Leo asubuhi ikanyamaza gafla, kama kitu imepasuka. Nikasema asante Mungu. Sasa hii tumbo yote iko inawaka."

Nikaanza. Kitovu nilikijua. Kuume nilikujua. Nikasema maumivu yalikuwa makubwa, leo asubuhi yakaisha. Kisha nikatafuta neno la kupasuka, nikalikosa. Nikatafuta la ghafla, nalo likanikimbia. Daktari alikuwa ametulia akinisubiri, na mimi nilikuwa nimesimama tena mbele ya ubao, ila sasa ubao ulikuwa unatokwa jasho na kuuma meno.

"Donc il va mieux," alisema daktari: kumbe anaendelea vizuri. Akaanza kuandika.

"Non," nikasema. Akainua macho. Sikuwa na la kuongeza. Nilitazama tumbo la Djibril. Halikupanda wala kushuka alipopumua. Lilikuwa limekauka kama ubao wa mtumbwi. Nikarudia, "Non, non," nikamshika daktari mkono kwa adabu zote nilizofundishwa, nikauweka juu ya lile tumbo. Kisha nikatoka mbio kwenye ujia nikiita jina la Nadia kwa sauti ambayo hospitalini haitakiwi.

Alitoka wodi ya wazazi, glavu zingali mikononi.

"Anasema maumivu yalinyamaza ghafla," nilimwambia kwa Kiswahili. "Kama kitu kimepasuka. Sasa tumbo zima linawaka. Mimi nimesema nusu tu."

Hakuniuliza mara ya pili. Tuliporudi chumbani, daktari mgeni alikuwa ameweka kalamu chini, vidole vyake bado viko tumboni, uso umebadilika. Wakasemezana maneno machache ya haraka, na Djibril akasukumwa kupelekwa kupasuliwa.

Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka Nadia akatoka, amechoka, akaketi karibu yangu.

"Atapona. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka." Akavua kofia ya upasuaji. "Sasa, ulikuja kuuliza nini?"

Nikaona haya, lakini nikauliza. Alama zangu nikamtajia, na yale ya Mwalimu Shafii pia.

"Mwalimu wako hajakosea," alisema. "Mwaka huu nafasi yako ni ndogo. Mimi ningekuwa kwenye meza ya wanaochagua, nisingekuchukua. Kule utasikia maneno kama ya leo kutwa nzima, na hakuna mtu wa kumukimbilia nje."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshajihukumu kabla yake. Mpaka siku ile nilidhani Kifaransa ni ukuta waliotujengea ili tusiingie. Pale kitandani niliona kwamba bila lugha ya watu ninaofanya nao kazi, mkono wangu ni mfupi.

"Lakini ungekaa kimya pale," Nadia akaongeza, "ningekwambia uende nyumbani, usirudi."

Nilirudi kila Jumamosi. Nilitafsiri pembeni yake, naye akinisahihisha mbele za watu, bila kunibembeleza. Shuleni nilimwendea Schékinah, yule aliyeanza kucheka siku ile ya moyo, mtoto wa Bujumbura ambaye Kifaransa kilimtoka kama maji na kemia ikamliza. Tukabadilishana. Alikuwa mwalimu mkali kuliko wote niliowahi kuwa nao.

Siku ya kuchagua niliandika udaktari, chaguo la kwanza. Nilimwambia baba mapema kwamba huenda nikakosa, na kwamba nikikosa nitarudia darasa la mwisho.

"Na ukikosa tena?"

"Hapo nitaandika uuguzi, baba, na nitaufanya vizuri. Lakini si kabla."

"Hiyo si kubahatisha," alisema.

Nilikosa. Schékinah alipata sheria, akaenda. Mimi nikavaa tena sare, nikaketi benchi la mbele, na watoto wapya wakaniita shangazi. Nilisoma mwaka ule kama mtu anayelima shamba lake mwenyewe. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka mara ya pili, Mwalimu Shafii alikuja mwenyewe mpaka Kizuka kwa baiskeli, akashindwa kusema kwa kuhema, akabaki anampa baba mkono tu.

Wiki ya kwanza Bujumbura walitupanga nje ya chumba cha maiti, makoti yetu meupe yakiwa na mikunjo ya dukani. Profesa, mama mfupi mwenye miwani, akauliza kama kuna anayeogopa. Wote waliangalia mbele.

Niliinua mkono.

"Vizuri," alisema. "Wewe utasimama karibu nami."

Akafungua mlango, nikaingia.