Miti Myekundu ya Meneja Sylvanus

Meneja Sylvanus aliingia studio ya Zubeda pale Makanyagio bila kubisha hodi wala kusalimu, akasukuma kikombe cha chai cha mwenyewe ili apate pa kuweka kamera yake. Wapo watu waliozaliwa na kiburi. Huyu alikinunua pamoja na suti, na vyote viwili vilimbana.

"Dada, hizi picha za mradi wa miti zinatakiwa kesho saa nne kijijini Kasokola, mbele ya mkaguzi. Kompyuta unaijua, lakini?"

Zubeda alikuwa na miaka kumi na moja ya kusafisha picha za harusi. Aliwahi kumng'arisha bibi harusi mmoja mpaka mama mzazi akauliza ni nani huyo. Alisogeza kikombe chake, akachomeka kadi.

Kamera yenyewe haikuwa ya kawaida. Wafadhili walikuwa wamechoka kuletewa picha za kupendeza, wakaamua kuituma wenyewe. Inanasa mwanga ambao jicho halioni, na jani lililo hai huurudisha mwanga huo kwa wingi kuliko jani lililokufa. Picha ikifika kwenye kompyuta, fundi huupa mwanga huo rangi nyekundu. Penye uhai panawaka kama pilipili mbivu, pasipo uhai panabaki kijivu. Zubeda alijifunza kazi hiyo kwenye simu mwaka juzi, mteja wa mashamba alipomletea picha kama hizo.

Alipanga rangi, bonde la Kasokola likatokea kwenye skrini. Nyasi nyekundu. Magugu mekundu. Hata juu ya kichuguu palikuwa na kijimea kilichowaka peke yake. Lakini miti ya mradi, ile elfu nne iliyoimbwa redioni, ilisimama mistari minyoofu ikiwa ya kijivu, sawasawa na nguzo za seng'enge zilizoizunguka.

Akaelewa palepale. Miche ilikuwa imekufa zamani. Bwana huyu alikata matawi porini, akayachomeka ardhini wiki iliyopita, na kwa macho ya mpita njia bado yalikuwa na ukijani wa kudanganyia. Mchezo wenyewe ni wa zamani: mgeni anakuja, tawi linachomekwa, watu wanapiga makofi.

Angecheka tu, kama si Nyanzala. Nyanzala ndiye aliyemletea maziwa kila asubuhi kwa baiskeli kutoka Kasokola. Yeye na mumewe Luhende walikuwa wakilisha ng'ombe katika bonde hilo mpaka mradi ulipolifunga. Mkaguzi akikubali kwamba miti imeshika, bonde lingefungwa miaka kumi mingine, na Luhende alikwisha kusema watahama, kama walivyohama kutoka Shinyanga.

"Mama Hadia," Nyanzala alimwambia Zubeda jana yake akimimina maziwa, "nimeacha makaburi mawili njiani. Sina nguvu za kuhama tena."

Sylvanus aligonga skrini kwa kucha. "Hapo kwenye miti rangi imekataa. Ipake nyekundu."

"Kwenye nyasi imekubali, meneja. Hapo imekataa kwa sababu hamna kitu."

"Nimekuja kufanyiwa kazi au kufundishwa? Nyie watu wa studio kazi yenu ni kupamba. Kila kilichosimama hapo kiwe chekundu. Umesikia? Kila kilichosimama. Na uso wangu uusafishe."

Kwani na yeye alikuwemo pichani, mbele kabisa, mkono kiunoni.

"Kila kilichosimama," Zubeda akarudia polepole. "Nimesikia."

Alifanya kazi hiyo kwa unadhifu ambao hajawahi kumpa mteja yeyote. Alipaka miti. Alipaka nguzo zote za seng'enge. Alipaka nguzo mbili za bango la mradi, kisha akapaka choo cha mabati cha wageni, kuanzia chini hadi paa. Uso wa meneja aliulainisha ukawa kama yai lililomenywa. Picha ya asili aliihifadhi kando.

Sylvanus alikuza uso wake kwenye skrini, akautazama kushoto na kulia, akaridhika. Hakutazama kingine, na Zubeda alijua hatatazama. "Kesho uje na projekta yako," akasema akiondoka.

Kesho yake wanakijiji walikusanyika katika darasa la shule ya Kasokola, madirisha yakiwa yamezibwa kwa khanga. Mkaguzi wa wafadhili, mama wa makamo aitwaye Lucia, alikaa mbele na daftari. Nyanzala alikaa karibu na mlango. Picha iliyopakwa ilipowaka ukutani, Sylvanus alieleza kwamba chochote chekundu ni hai, na kwamba kamera hii haidanganyiki. Alisema hivyo mara tatu, na Zubeda akamwacha aseme. Njia ya mwongo ni fupi, lakini si vibaya kumfagilia.

Nyanzala akasimama.

"Baba meneja, naomba kuuliza. Hizo nguzo za bango nazo ni nyekundu. Zimeota lini?"

Vichwa vikageukia ukutani.

"Na choo," akaongeza kwa upole, "nacho kimeshika mizizi?"

Kicheko kilianzia nyuma kikafika mbele. Lucia aliinuka, akausogelea ukuta, akaitazama picha kwa karibu. Sylvanus akamgeukia Zubeda. "Huyu fundi ameharibu picha."

"Nimepaka kila kilichosimama, meneja, kama ulivyoagiza," alisema Zubeda. "Hii hapa ya kabla sijapaka."

Akabonyeza. Nyasi zikawaka. Miti, nguzo na choo vikabaki kijivu kimoja. Lucia alifunga daftari, akasema waende bondeni.

Huko, Nyanzala aliuendea mti wa kwanza, akaushika kwa vidole viwili, ukachomoka kama kijiti cha mshikaki. Haukuwa na mzizi hata mmoja. Ncha yake ilikuwa imechongwa kwa panga.

"Sasa hapa unalinda nini?" Lucia alimuuliza Sylvanus. "Fungua geti."

Meneja alitafuta funguo katika mifuko yote ya suti, jasho likimtiririka, na Zubeda hakumwonea huruma hata kidogo. Luhende alikuwa amekwisha kuwaleta ng'ombe hadi kwenye seng'enge. Nyanzala alipukutisha majani yaliyobaki kwenye lile tawi, akalipima mkononi, akawaswagia ng'ombe bondeni. Katika miti elfu nne ya meneja, huo ulikuwa wa kwanza kufaa kitu.