Sehemu ya Mkubwa wa Nyumba

"Umenipa makaa?" Mzee Teiwaki alitupa kifuu cha maji. "Yanachoma!"

Taarema aligusa yaliyomwagika mkekani. Baridi kabisa, yametoka kisimani sasa hivi. Akajua. Kisiwani kwao hata mtoto anajua: maji baridi yakikuunguza, umekula samaki mwenye sumu.

Na samaki wa mchana, chewa, alimpika yeye mwenyewe. Alfajiri alimkatia paka kipande cha mkia kumjaribia sumu, akangoja mpaka jua likapanda. Paka akajilamba, akalala, akaamka anataka tena. Basi mchana akampa baba mkwe kichwa na ini, sehemu ya mkubwa wa nyumba. Yeye akala mkia.

Nesi Meere alikuja na baiskeli. Akamshika mzee kifundo cha mkono, midomo inahesabu, uso unakunjamana.

"Paka ulimpa nini?"

"Mkia."

"Dada, sumu inajaa kichwani na kwenye ini. Mkia una kidogo tu."

"Baba nilimpa kilicho bora."

"Najua." Meere alitundika dripu kwenye boriti ya paa. "Mishipa ya fahamu ina vijilango vya kupitisha chumvi. Vinafunguka, vinajifunga. Sumu hii inavishika wazi. Ndiyo maana baridi inakuwa moto. Moyo nao unachoka."

"Dawa ya kuvifunga?"

"Hakuna. Tunangoja. Mapigo yakizidi kuchelewa, piga kelele."

Mzee akafungua jicho moja. "Meere, nikifa usiandike samaki. Andika mkwe."

"Baba!"

"Miaka ishirini unanipa vichwa, leo ndiyo umelenga." Akacheka, akatapika, akacheka tena kidogo. Halafu hakucheka.

Meere alitoka mbio kuwaonya majirani waliogawiwa nyama ya chewa. Taarema alimwaza mumewe, baharia kwenye meli ya watu, mbali huko. Atamwambia nini? Nilimheshimu baba yako?

"Nisamehe, baba."

"Kilikuwa kitamu." Ulimi wa mzee ulikuwa mzito. "Hasa macho."

Akafumba macho. Taarema alimfuta mdomo, akamwita mara mbili, akalaza sikio kifuani kwake. Upepo ulikuwa unachezea makuti.

Likaja pigo moja. Akabana pumzi, asije akausikia moyo wake mwenyewe akadhani ni wa mzee, akangoja la pili.