Mawimbi Kutoka Nchi Kavu

Tangu boti ya Mikdad ipotee, mkewe Adila hakubanduka mbele ya kompyuta. Kisambazaji cha mawimbi ya redio alichomtengenezea mumewe akifunge botini, ndani ya kiboksi kisichopenya maji, kilikuwa kimenyamaza toka jana. Kilituma namba ya boti na mahali ilipo kwa kuyachezesha masafa ya mawimbi: yakipanda kidogo ni moja, yakishuka ni sifuri, tena kwa mpito uliolainishwa ili kisiwavamie wenye chaneli za jirani. Nyumbani, mtaani Dunda, kidude mfano wa flashi kilichochomekwa kwenye kompyuta kilinasa mawimbi hayo, na kazi nyingine zote za redio zikafanywa na programu.

Baada ya sala ya alasiri, mstari ukajichora kwenye skrini.

"Mama! Kinaita!"

Bi Chausiku, mamamkwe wake, akaja mbio. "Alhamdulillahi! Yuko wapi mwanangu?"

Adila akasubiri programu ifasiri. Namba ilikuwa ileile ya boti. Mahali ndipo palipomtia baridi. Akasoma tena. Kiboksi hakikuwa baharini. Kilikuwa kwenye barabara itokayo Fukayosi, huko bara, kikija mjini kwa mwendo wa pikipiki.

"Labda kaokolewa, wanamrudisha," Bi Chausiku akasema.

"Angepiga simu, mama. Angeazima hata ya mtu asiyemjua."

Kila ujumbe ulipoingia, mstari ulizidi kung'aa. Kikapita sokoni. Kikaingia Dunda. Kisha kikasimama, na hapohapo nje bodaboda ikazima injini.

"Hodi!"

Alikuwa Feisal, aliyeondoka na Mikdad kwenda kuvua. Begani alikuwa na mkoba.

"Shikamoo, Bi Chausiku."

"Marahaba, baba. Mwenzio yuko wapi?"

Feisal akainamisha kichwa. "Tulipinduka, mama. Boti imezama na kila kilichokuwamo. Mimi mawimbi yamenitupa ufukweni Mlingotini. Mikdad sikumwona tena."

Bi Chausiku akaangua kilio. Adila akautazama ule mkoba. Akaifunika kompyuta taratibu.

"Pole, shemeji. Keti, nikuletee maji."

Jikoni akampigia simu mjumbe wa mtaa wao, Mzee Mbaruku, akinong'ona. "Njoo na polisi, baba. Feisal yuko hapa, na kiboksi cha Mikdad kimo mkobani mwake."

Kweli walikikuta, kimeviringishwa kwenye fulana. Feisal alidhani ni betri, akaona atapata pa kuiuza, kama alivyokwisha kuuza injini ya boti kule Fukayosi. Kumbukumbu ya kisambazaji ilionyesha boti ilivyoingia kwenye mikoko upande wa kaskazini, ikakaa, kisha kiboksi peke yake kikashika njia ya nchi kavu.

Asubuhi yake Mzee Mbaruku na wenzake wakaenda huko. Boti ilikuwa imefunikwa matawi. Waliporudi, Bi Chausiku aliwakimbilia mlangoni.

"Mmemwona? Yu hai?"

Mzee Mbaruku alivua kofia yake. Akamgeukia Adila, akamwuliza kwa upole ni nani katika ukoo atakayemwosha.