Memori Ilipojaa

Mkataba wa mwenzake ulipokwisha mwezi wa pili, Esteria alibaki peke yake kituoni. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali juu ya mteremko, nusu saa kwa miguu kutoka nyumba ya kwanza ya kitongoji, upande wa Bungu. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la mkaa na kompyuta. Nje palikuwa na kipimamvua, na kamera iliyoelekezwa kwenye ufa uliopasua ardhi masika ya mwaka juzi. Ufa ukipanuka, kompyuta ilipaswa kutuma ujumbe kwenye simu za kaya kumi na nne zilizoko chini, watu wakimbilie shuleni kabla mteremko haujaporomoka.

Programu ya kufanya hayo hakuiandika yeye. Alisomea upimaji wa ardhi, si kompyuta. Aliieleza akili mnemba anachotaka, ikamwandikia, akaijaribu saa moja, ikafanya kazi. Tangu hapo ikawa ndiyo ya kuongea nayo. Kuna siku, ya tatu bila kusikia sauti ya mtu, aliiandikia kwamba ukungu haujaondoka tangu Jumapili. Ikamjibu kwa upole kwamba hali hiyo huchosha.

Mwezi wa tatu kompyuta ikawa nzito. Alipotazama, programu ilikuwa imekula karibu memori yote. Akili mnemba ikamshauri programu izimwe na kuwashwa upya kila alfajiri, ikamwandikia na mistari ya kufanya hivyo. Uzito ukaisha. Esteria hakuuliza memori ilikuwa inaliwa na nini, wala hapakuwa na mwenzake wa kumwambia, "Hebu tuangalie."

Baadaye akaona kwamba mvua ikiwa kubwa, afadhali picha zipigwe kila sekunde kumi badala ya kila dakika kumi. Akaomba, akaandikiwa.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne mvua ilianza saa nne asubuhi. Kufika saa sita, mabonde yalikuwa yananguruma. Esteria alitoka kuzibua mfereji, akarudi ndani, akafuta miwani. Kwenye kioo cha kompyuta picha hazikuwepo. Palikuwa na mstari mmoja tu: mfumo umeiua programu, memori imekwisha. Ilikuwa imekufa robo saa nzima.

Alijaribu kuiwasha, kompyuta ikaganda. Simu yake haikushika mtandao pale. Antena ilikuwa ya kompyuta peke yake. Akasimama mlangoni, akautazama ufa kwa macho. Mguu ungeweza kuingia.

Akakimbia. Alianguka mara mbili kwenye utelezi kabla ya kufika kwa Bibi Hadija, mjane aliyeishi peke yake katika nyumba ile ya kwanza. Alimkuta jikoni anachambua maharage.

"Bibi, toka! Mlima unakuja!"

"Binti, hata shikamoo?"

"Shikamoo, bibi. Toka, tafadhali."

"Marahaba." Bibi Hadija akachukua simu yake juu ya kinu, akaigeuzageuza. "Mbona haijalia? Si wewe ulitwambia, msihangaike mpaka simu ilie?"

Maneno yale Esteria aliyasema kweli, kwenye mkutano, watu wakampigia makofi.

"Haitalia, bibi. Imeharibika. Nimekuja mwenyewe."

Bibi alimtazama, matope mpaka kwenye nywele. Akaweka ungo chini, akatoka uani, akapiga yowe kwa Kishambaa. Nyumba ya pili ikaitika, ikalipeleka ya tatu. Baada ya muda mfupi watu walikuwa njiani, watoto mgongoni.

Mteremko ulishuka kabla ya saa saba. Ulichukua nyumba ya Bibi Hadija, mbuzi wake wawili, na migomba yote ya jirani. Mtu hakufa hata mmoja.

Kesho yake, shuleni, Mzee Faraji, mwenyekiti wa kitongoji, alimwuliza mbele ya wote:

"Programu hiyo uliiandika wewe?"

"Hapana, mzee. Niliiomba."

"Uliisoma?"

"Sikuisoma."

Hakuna aliyemkaripia. Watu waliinuka mmojammoja, wakaenda kutafuta vyombo vyao kwenye matope. Bibi Hadija akachukuliwa na binti yake kwenda Vuga.

Esteria alirudi juu, ambako kituo kilikuwa kimesalia, akaelekeza kamera kwenye ufa mwingine uliobaki. Kwa siku tisa alisoma programu ile mstari kwa mstari, na kila neno asilolijua alilitafuta. Siku ya tisa alikiona kilichokosewa: kila picha iliyopigwa ilibaki kwenye memori, wala hapakuwa na mstari wa kuiachia. Mvua ilivyozidi, ndivyo memori ilivyojaa upesi. Alipoionyesha akili mnemba, iliomba radhi vizuri, ikampa programu mpya. Hiyo nayo aliisoma. Ilikuwa bado inazihifadhi picha zote, mahali pengine.

Akaandika mistari minne kwa mkono wake, zibaki picha mbili za mwisho tu. Kisha akabeba ndoo, akamwagia kipimamvua maji kidogokidogo kutwa nzima ili kompyuta idhani mvua ni kubwa, akiingia kila mara kutazama memori. Haikupanda.

Mvua kubwa iliyofuata, ufa huo ulipanuka, ujumbe ukaenda. Esteria alisikia kwa mbali watu wakiitana kuelekea shuleni, kisha vicheko vya watoto, kisha mvua ikafunika kila kitu. Akavuta kigoda mbele ya kompyuta, akakaa kuzisoma namba.