Maringo ya Kuzaliwa Nayo

Sanduku la mke lilikuwa mlangoni tangu asubuhi, na aliyelifunga hakuwa mwenyewe. Alikuwa mama mkwe, mwanamke mwenye jibu kwa kila kitu, hasa kwa asichoulizwa.

"Kwetu hatuzai viziwi," alisema. "Kipimo cha kwanza kilitoka safi, ugonjwa haukuonekana. Basi ni mkosi wa kwenu. Tukitoka kwa daktari leo, wewe na mwanao mnyooshe njia hadi kwenu."

Mume, seremala wa vitanda, alikagua kucha zake. Mbele ya mbao alikuwa simba. Mbele ya mama yake alikuwa maranda.

Mke, fundi cherehani, hakubisha. Alimbeba mtoto mgongoni, kibinti cha miaka miwili kilichocheka kwa kila kitu isipokuwa sauti, wakaenda wote.

Daktari alikuwa mama mwenye miwani. "Kipimo cha kwanza kilitafuta kosa moja tu la jeni, zile chembe za urithi," alisema. "Linawapata sana watu wa bara jingine. Kwa watu wetu ni nadra."

Mke alielewa mara moja. Walikuwa wamemkatia mwanawe gauni kwa vipimo vya mtoto wa jirani, halafu wakashangaa halimkai.

"Safari hii tumepima jeni nyingi, za mtoto na zenu wawili. Kosa tumeliona. Mtoto amelirithi kwa mama, na amelirithi kwa baba. Aliyelipata upande mmoja anasikia vizuri. Aliyelipata pande zote mbili hasikii."

"Kwa baba?" mama mkwe aliguna. "Mwanangu huyu anasikia hadi panya wakinong'onezana."

"Ndiyo, kwa kuwa kwake ni upande mmoja. Mama, kwenu hakuna asiyesikia?"

"Hakuna. Kwetu watu wana hadhi. Baba yangu mzazi alikuwa fundi viatu, na mji mzima ulimwita Mzee Hajibu. Hakujibu kila anayebweka. Mteja alionyesha tundu la kiatu, yeye alionyesha vidole, siku tatu au nne, basi. Lori lilimpigia honi nyuma yake, hakugeuka. Dereva akashuka mwenyewe kumwomba njia."

Daktari aliweka kalamu chini. "Alianza lini kutojibu?"

"Tangu mtoto," mama mkwe alisema, kidevu juu. "Maringo ya kuzaliwa nayo."

Seremala aliinua macho kutoka kwenye kucha, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mama," alisema, "babu alikuwa kiziwi."

Walipofika nyumbani, sanduku lilikuwa palepale. Ukutani, ndani ya fremu, Mzee Hajibu aliwatazama kwa hadhi yake yote.

"Mama," mke alisema, taratibu kama kawaida yake, "nusu ya mkosi ni yangu, sikatai. Nusu nyingine imetundikwa pale. Nayo tuifungie sanduku, tuondoke pamoja?"

Mama mkwe alianza kuokota nyuzi zisizokuwapo kwenye mkeka.

"Nasema na wewe, mama."

Mama mkwe akaokota uzi mwingine.

"Haya. Ya babu yalikuwa masikio," mke alisema. "Yako ndiyo maringo."

Seremala alilibeba sanduku mwenyewe hadi chumbani. Mke akalifungua, akatoa gauni la mtoto, akalikung'uta mara mbili, akalirudisha msumarini.