Gitaa la Kushoto

Mtaani walimwita Mzee Lawama, na jina halikumwonea. Mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Wewe hata ukijikwaa kwenye kiatu chako mwenyewe, utauliza nani waziri wa viatu." Wageni wakacheka, naye akacheka, maana lawama ikiwa na mtu wa kuijibu ni kama chumvi ndani ya mchuzi. Mke alipofariki, ikabaki chumvi tupu.

Na tumtendee haki, safari hiyo alikuwa na la kulaumu. Mashine ya kumsaidia marehemu kupumua ilikuwepo hospitalini, nzima, imefunikwa kitambaa, imefungiwa chumbani. Mwenye ufunguo alikuwa semina. Na semina yenyewe ilihusu huduma bora kwa wagonjwa. Nani atameza hayo asikwamwe na miiba?

Msiba huo haujapoa, ukaja mwingine. Binti yake wa pekee alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki. Mashine ikamla vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Kinga ya mashine ilikuwa imeng'olewa kwa amri ya wakubwa, eti inachelewesha kazi. Kesho yake wakubwa haohao wakaleta kapu la matunda nyumbani, na kule kiwandani wakatundika bango jipya: USALAMA KWANZA.

"Kwanza baada ya nini?" Mzee Lawama aliuliza.

Binti mwenyewe hakuuliza kitu. Kabla ya ajali, mchana alikuwa mtu wa ndoo, jioni mtu wa gitaa. Alijifunza tangu mdogo kwa kumfuatisha Bwana Kengele, mpiga gitaa ambaye nyuzi zake zililia safi kama jina lake. Sasa, gitaa hushikwa shingo kwa mkono wa kushoto, na vidole vya mkono huo ndivyo vinavyobana nyuzi na kutafuta sauti. Mkono wa kulia kazi yake kukwangua. Bandeji ilipotoka tu, binti aliligawa gitaa lake, hata hakusema kampa nani. Na redio ikimleta Bwana Kengele, alinyoosha ule mkono wenye vidole vitatu, akaizima, akaendelea kuosha vyombo.

Vidole baba alikwishavililia. Kilichomtafuna ni kule kuzimwa kwa redio. Nyumba ilikuwa imeshapoteza sauti moja, na sasa ya pili ilikuwa inajizima yenyewe, polepole, huku yeye anaitazama.

Basi siku moja binti yuko sokoni, baba akaingia chumbani kwake kupigilia chaga ya kitanda iliyolegea. Alikuwa fundi seremala, mambo ya chaga ni yake. Kapiga magoti, nyundo mkononi, macho yakagota kwenye picha kubwa iliyobandikwa ukutani: Bwana Kengele jukwaani, macho kafumba, jasho linamtiririka. Picha ile alikuwa akiipita miaka yote kama mtu anavyompita mlinzi wa geti. Lakini leo aliitazama mikono.

Mkono wa kulia ndio ulioshika shingo ya gitaa.

Akasimama. Akaishika nyundo kama gitaa, akajitazama, akaitazama picha, akageuka mgongo ili waelekee upande mmoja, akarudi tena. Kweli tupu. Mtu ni shoto! Anabana kwa kulia, anakwangua kwa kushoto. Na kukwangua kunataka nini? Gumba na kidole kimoja cha kushikia kipande cha plastiki. Vyote mwanawe anavyo, na akiba juu.

Nyuma ya Bwana Kengele palikuwa na ngoma kubwa imeandikwa maandishi mekundu. Mzee Lawama shule aliiona kwa mlango wa nyuma. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, na safari hii kila jiwe lilimtelezesha. Akaamua ni lugha ya ng'ambo, akaachana nayo. Akachomoa futi mfukoni, akalipima gitaa la pichani kwa makini, pembe kwa pembe, kama anayechukua oda ya kabati.

Ubao hakuutafuta mbali. Karakanani kwake kulikuwa na mlango mzito alioutengeneza kwa ajili ya ofisi moja kubwa, ukakataliwa siku ya kuufunga kwa sababu bosi alikuwa amebadilishwa na bosi mpya anapenda vioo. Mlango ukakaa pale ukutani unakusanya vumbi na matusi. Mzee Lawama akaulaza mezani, akauchorea umbo la gitaa kwa penseli, akaupitishia msumeno kwa raha ambayo hakuwa ameipata muda mrefu.

"Leo mlango wa bosi utafunguka kwa kila mtu," aliuambia.

Umbo alilijua. Umeme hakuujua. Akaenda kwa fundi redio wa kona ya pili, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Gitaa la umeme linataka pikapu mbili," fundi redio akasema.

"Gitaa moja, pikapu mbili? Kwani linahama nyumba?"

"Si gari, mzee! Pikapu, sumaku zilizoviringishiwa waya. Zinakaa chini ya nyuzi, zinanasa sauti."

"Semeni hivyo basi. Mnachukua jina la gari mnaipa sumaku, halafu mnashangaa kwa nini nchi haiendi."

Fundi redio alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Alikuwa na gitaa bovu lililoanguka kutoka jukwaani likapasuka tumbo. Shingo nzima, sumaku nzima. Wakaling'oa vitu vyake kimoja kimoja.

"Lakini hivi Bwana Kengele ni shoto?" fundi redio akauliza. "Mi namjua kwa masikio tu."

"Picha si ipo?" alisema Mzee Lawama. "Wanasiasa ndio wanaodanganya. Picha haidanganyi."

Kazi ikaanza. Gitaa la shoto si la kulia lililogeuzwa kichwa chini. Kila kitu kinahama. Uzi mnene unakwenda palipokuwa na mwembamba, kwa hiyo Mzee Lawama alichonga upya kile kipande cha mfupa kinachotenganisha nyuzi kule juu ya shingo, akakikata mifereji yake kwa msumeno wa chuma. Kitufe cha sauti kikahamishwa kisije kugongwa na mkono. Risasi ya kuunganishia waya aliiyeyusha mwenyewe, fundi redio anaelekeza kwa kidole, maana Mzee Lawama hakumwamini mtu na kazi yake, na hakuwahi kusamehe kazi ya haraka.

Walipolichomeka kwenye spika, likatoa mngurumo mmoja mrefu, ilhali hakuna aliyeligusa.

"Limekufuata wewe," fundi redio akasema. "Halijafanywa kitu, linalalamika."

"Lina sababu zake. Zitafute."

Sababu ikapatikana: waya mmoja mweusi ulikuwa umesahaulika. Ulipaswa kutoka ndani mpaka kwenye kile chuma kinachoshikilia nyuzi, uondoe kelele za umeme. Mzee Lawama akatoboa tundu jembamba, akaupitisha, akaunganisha. Mngurumo ukakata kama mtoto aliyepewa ziwa.

Wakiwa wanafuta mikono, akaitoa siri yake.

"Akishaliweza tu, nampeleka getini kwa kile kiwanda. Saa wakubwa wanatoka na magari yao. Anasimama pale, anapiga. Wasikie walichotaka kukiua."

Fundi redio aliacha kufuta mikono. "Umemuuliza mwenyewe?"

"Mgonjwa haulizwi kama anataka kupona," alijibu. Na kwa kuwa siri tamu haikai tumboni, jioni hiyo alikwishamwambia muuza mkaa, kinyozi, na jirani wa ukuta wa pili, mama fundi cherehani, ambaye ukimwambia yeye umeliambia gazeti.

Jumapili mchana alimwingiza binti karakanani, macho kamfumbisha. Alikuwa amefagia, kitu ambacho hakikuwa desturi yake. Gitaa lilikuwa limelala mezani juu ya shuka safi, jekundu, linang'aa, nakala ya lile la pichani kwa kila pembe.

"Haya mama, fungua macho," akasema. Alimwita binti yake mama tangu azaliwe; sasa jina hilo lilikuwa limebaki na mtu mmoja tu ndani ya nyumba.

Binti aliliangalia. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbao, pale palipopigwa msasa mpaka pakawa kama ngozi. Akalinyanyua, akajaribu kulishika jinsi alivyozoea. Likamkataa. Akaligeuza.

"Baba. Hili ni la kushoto."

"Ndiyo maana yake! Kama la Bwana Kengele."

"Bwana Kengele si shoto."

"Unaniambia mimi? Picha si unayo chumbani kwako? Nimeipima kwa futi!"

Binti alimtazama, na uso wake ukaanza kufanya kitu ambacho baba hakukitambua mara moja. "Baba, ile picha waliichapa kinyume. Mchapaji aliigeuza. Ndiyo maana waliziuza kwa bei ya karanga, na mimi ndiyo maana niliipata. Nimemwona jukwaani kwa macho yangu, ni mtu wa kulia kama watu wote. Hukuona maandishi kwenye ngoma? Yanasomeka nyuma mbele."

"Nilidhani," akasema Mzee Lawama, "ni Kijerumani."

Binti akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mabaki ya randa, gitaa mapajani, machozi yanamtoka, na baba alisimama pale hajui acheke au amlaani mchapaji. Akachagua alichokizoea.

"Hata wachapaji! Hata picha hawawezi kuchapa! Nchi nzima hakuna mtu anayefanya kazi yake!" Lakini sauti ilimkatika katikati, kwa sababu alikuwa ameelewa. Hayupo shoto yeyote. Alichokuwa amemletea mwanawe kama ushahidi kilikuwa kosa la mtu aliyekimbilia chakula cha mchana. "Lete," akasema. "Lete nikalipasue kuni."

Binti hakulitoa. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Na getini kwa kiwanda je?"

"Nani kakwambia?"

"Mama cherehani. Nani mwingine? Kaniuliza nitavaa gauni gani."

Mzee Lawama akatazama nyundo zake zilivyopangwa ukutani.

"Baba, wao walitundika bango lao. Wewe unataka kunitundika mimi niwe bango lako." Hakuipandisha sauti. "Nikisimama pale watasema, 'Mnaona? Mbona anapiga vizuri tu.' Watapiga makofi. Wataniletea matunda."

Hilo halikuwa limempitia kichwani. Akilini aliwaona wakubwa wameteremsha vioo vya magari, wanatabasamu, wanapiga makofi, na mkono wake ukaifuata nyundo. Kisha akamwona binti yake katikati yao, na mkono ukarudi. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti yakagusana.

"Mimi kusoma sijui, mama. Najua kugombana. Mama yako alipokwenda niligombana na kila mtu, na bado akawa amekwenda. Nikaona wewe sitakubali. Usiwapigie. Hata kidogo. Usimpigie mtu."

"Hata wewe?"

Hapo palimuuma. "Hata mimi."

Binti aliutazama mkono wake wa kulia, ule mzima, uliokuwa umeshika shingo ya gitaa kwa ugeni, vidole havijui vikae wapi, kama wageni waliofika kabla ya viti.

"Nitakuwa mbovu," akasema. "Mbovu kuliko nilipokuwa na miaka saba. Hiki kidole hakijui hata uzi ni nini."

"Hata mimi mlango wangu wa kwanza ulifungukia juu."

"Na itachukua muda mrefu."

"Una safari ya kwenda wapi?"

Akatikisa kichwa, na kwenye pembe ya mdomo pakabaki alama ya kile kicheko. "Chomeka spika. Halafu toka nje. Sitaki mtu anisikilize."

"Mlango nifunge?"

"Funga, Baba."

Alichomeka, akatoka, akafunga. Akasimama kwenye kibaraza, jua linawaka, mikono nyuma kama mtu anayengoja daktari. Muda ukapita bila kitu. Halafu uzi mmoja ukalia, mbaya, umekabwa nusu. Kimya. Ukalia tena, mbaya zaidi. Tena. Kisha binti akasema neno ndani humo ambalo mama yake asingelikubali, na uzi ukalia mara ya nne, na safari hii kulikuwa na kitu kidogo ndani yake, chembamba, kilichosimama wima kabla ya kuanguka.

Dirisha la jirani likafunguka. Mama fundi cherehani akatoa kichwa, pini kazibana mdomoni.

"Mzee Lawama! Nani huyo anayemchinja paka Jumapili hii?"

Siku nyingine angekuwa na majibu kumi, na kila jibu lingemgusa kiongozi mmoja.

"Binti yangu," akasema.

Jirani akazitoa pini. Akasikiliza. Uzi ukalia, ukakosea, ukarudia.

"Wimbo gani huo?"

"Sijui," akasema Mzee Lawama, sikio limegusa ubao wa mlango. "Nimekatazwa kusikiliza."